Toba Isiyo Yake

Mwanamke anayenipigia pasi mashati yangu wanamwita Makunjo. Jina la ubatizo analo, ila ukimwita kwa hilo anageuka kutazama nani ameingia. Hilo la Makunjo alipewa na wenzake wa darasa la kipaimara, kwa sababu alikuwa hawezi kukaa karibu na mtu mwenye kola iliyojikunja. Mkono unakwenda wenyewe. Mtu yuko katikati ya kukariri Amri ya Nane, yeye huku anamnyooshea kola. Wakacheka, wakamwita hivyo, na jina la utani nalo likikupata halikuulizi kama umelipenda.

Mimi ni mtu wa kutembea. Madobi nimewajua wengi katika miji niliyopita, na wengi wao ni watu wa maneno. Huyu anaongea kidogo, na haya ninayoyaandika nimeyapata kwake vipande vipande, mengine akiwa ananyunyiza maji, mengine akiwa amenipa mgongo. Vipande vingine nimevipata kwa majirani, ambao hawana ubahili wa habari.

Mama yake alikufa yeye akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu. Baba akamleta kwa dada yake, akasema anakwenda kutafuta kazi, na huko kazi ilikokuwa huenda ndiko alikobaki. Kwa hiyo aliyemlea ni shangazi. Na shangazi ni baba wa kike, hilo kila mtu analijua. Huyu Shangazi alikuwa na chumba kimoja cha mbele chenye meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi ya mkaa ya siku ambazo umeme umekatika, pasi ya umeme ya siku nyingine, na nyuma ya nyumba uwanja wa kamba. Alimbeba mtoto mgongoni huku anapiga pasi. Mtoto alipougua homa alimlaza chini ya meza juu ya lundo la mashuka ya watu, akamwambia usitapikie hayo ya mwalimu, tapikia haya ya mpangaji. Makunjo akinisimulia hilo hucheka mpaka leo. Lazima nilitaje, maana bila hilo mtu anaweza kudhani Shangazi alikuwa mtu mbaya, na habari ingekuwa nyepesi.

Kazi kubwa ya duka lile ilitoka kanisani. Majoho ya kwaya, kanzu ya mchungaji, vitambaa vya madhabahu. Shangazi mwenyewe alikuwa mtu wa mbele katika kikundi cha akina mama, mwenye sauti, anayeulizwa kabla ya jambo kuamuliwa.

Binti alipofika umri wa kipaimara akaingia darasani, na hapo ndipo watu walipomwona kwa mara ya kwanza akitaka kitu. Siku moja mwalimu wao aliwaeleza habari ya neema, kwamba Mungu humpokea mtu na madoa yake, hangoji kwanza atakate. Makunjo akainua mkono.

"Kwa hiyo Mungu ni dobi, Mwalimu?"

Darasa likacheka. Mwalimu, mzee wa watu, akafikiri.

"Dobi mwenye subira," akasema. "Nyinyi kwenu mnarudisha nguo zinazonuka samaki."

"Turudishe wapi, Mwalimu? Shangazi anapokea zote."

Nyumbani akamwambia Shangazi sababu ya haraka yake ya kupata kipaimara. Alipobatizwa alikuwa mchanga, na maswali yote aliulizwa baba yake. Baba akaitika ndiyo, naamini, ndiyo, nakataa, kisha akaondoka na hakurudi. "Aliyeniitikia hayupo," akasema. "Nataka niitike mwenyewe." Shangazi akaacha pasi, akamtazama, akasema vizuri, na mimi nitakuwa msimamizi wako. Akanunua kitambaa cheupe, wakampelekea fundi cherehani amshonee gauni.

Wiki ya kipaimara, mama mmoja wa kanisa, mke wa mzee wa kanisa, alileta kitambaa kikubwa cha madhabahu, kile cha sikukuu, chenye ukingo wa lesi. Makunjo alikuwa nyuma anaanika. Akasikia harufu. Wewe usiye dobi hutaijua, lakini dobi akiisikia hata usingizini ataamka: pamba inapoanza kuungua hunuka kama mkate uliosahaulika. Akakimbia ndani. Shangazi alikuwa ameshika simu sikioni, mkono mwingine ndio kwanza umeinua pasi, na pale kwenye kitambaa umbo la pasi limebaki, la rangi ya chai, ncha yake imeelekea kwenye lesi.

Walijaribu ndimu na chumvi. Walijaribu jua. Doa likapauka kidogo, likagoma hapo.

"Tuwaambie," Makunjo akasema.

"Tuwaambie nini? Kwamba nilikuwa napiga umbea kwenye simu?" Shangazi akakikunja kitambaa taratibu, doa likaingia ndani kabisa ya mikunjo. "Mara chache sana hukikunjua chote, hiki hukiacha kinaning'inia mbele tu. Hii ni siri ya nyumba, mwanangu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Na kweli aliitunza. Aliniambia, "Niliifungia kabisa. Hata katika sala sikuitaja, nikaona Mungu anaijua."

Jumamosi vijana walikwenda kufagia kanisa na kujifunza namna ya kutembea, nani mbele, nani nyuma. Yule mama akataka madhabahu ipambwe upya, kitambaa kitandazwe hadi chini pande zote. Wakakikunjua. Doa likaonekana na watu wote wamesimama pale, wavulana na mifagio yao, wasichana na maua.

Shangazi aliitwa. Akaja na kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, akasimama, akatazama doa kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. Makunjo akamtazama bila wasiwasi. Anasema alikuwa anamwonea huruma tu, anafikiri sasa atasemaje maskini.

Shangazi akasema, "Muulizeni huyu. Nilimwachia yeye. Mtoto kaunguza, kakunja, kanificha. Mimi nayaona leo kama nyinyi."

Hakupandisha sauti. Alisema kwa huzuni, kama mzazi.

Makunjo anasema kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuka nyuma, kuona mtoto anayesemwa ni nani.

Wakaketi kwenye chumba cha nyuma ya madhabahu, penye ngoma za kwaya na viti vya plastiki: mchungaji, wazee wawili wa kanisa, Shangazi na binti. Hakuna aliyefoka. Lingekuwa jambo la kufoka, huenda mambo yangekwenda njia nyingine. Walikuwa wapole sana.

"Binti yangu," mchungaji akasema, "kitambaa ni kitambaa. Kuungua si dhambi. Kuficha ndiko kunakotusumbua. Lakini ndiyo maana neema ipo. Wewe kiri hapa, mbele yetu, tutaomba pamoja, na kesho utapiga magoti na wenzako. Hakuna atakayelitaja tena."

"Si mimi, Baba Mchungaji."

Mzee mmoja akavuta pumzi. "Mtoto, unaelewa unachosema? Unamwita shangazi yako mwongo?"

"Sijamwita chochote."

"Basi ni nani?"

Akamtazama Shangazi. Alimpa nafasi. Anasema alingoja kama mtu aliyefunguliwa mlango anavyongoja mgeni apite kwanza. Shangazi alikuwa anakung'uta kitu kwenye gauni lake, kitu kisichokuwepo.

"Ni mkaidi tangu utotoni," Shangazi akasema polepole, kwa wazee. "Lakini ni mtoto wangu. Mumsamehe tu, wazee wangu. Namwombea mimi."

Mchungaji akaguswa na hayo. Mzee wa pili naye akaguswa. Akamwambia binti, unaona shangazi yako anavyokupenda? Sema tu neno moja.

Nafikiri mara nyingi juu ya chumba kile. Msamaha ulikuwa mezani, umeshapakuliwa, unamngoja. Kilichotakiwa ni aseme uongo ili aupokee. Akisema kweli yote, anamvua Shangazi nguo mbele ya wazee, naye aliahidi. Akisema uongo, kesho ataulizwa mbele ya kanisa zima kama anamkataa Shetani na kazi zake zote, na hilo la kwanza atakalolijibu kwa kinywa chake mwenyewe litakuwa limekaa juu ya uongo wa jana.

"Siwezi kutubia nisilolifanya," akasema.

"Basi kesho hutaingia," mchungaji akasema, na inasemekana macho yake yalikuwa na machozi.

Walipofika nyumbani Shangazi alichemsha chai, akamwekea sukari yeye mwenyewe.

"Kwa nini hukusema tu ndiyo?" akamuuliza. "Neno moja. Mtoto akikosa husamehewa, kesho watu wamesahau. Mtu mzima akikosa hukumbukwa hadi kwenye matanga yake. Mimi nilijua watakusamehe. Nilikuchagua wewe kwa sababu watakusamehe."

"Ulinichagua."

"Ningemchagua nani? Niko na nani mwingine?"

Yeye aliona ni sababu nzuri. Nami nikiisikia naona ina akili ndani yake, na ndiyo maana inauma. Adui hawezi kukukabidhi kosa lake kwa kukutegemea. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, na hawa wawili nguo ndiyo ilikuwa kazi yao.

Jumapili gauni jeupe lilibaki kwenye msumari. Makunjo alivaa la kila siku, akakaa nyuma karibu na mlango. Vijana walipita wawili wawili. Kola ya mmoja imegeuka, anasema, na hakuna aliyemnyooshea. Shangazi alikaa mbele na akina mama wenzake, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumsimamia. Mchungaji alipouliza yale maswali, je, mwaamini, je, mwakubali, vijana wakaitika kwa pamoja. Kule nyuma Makunjo naye aliitika. Mlinzi wa mlango alimsikia, akamtupia jicho la kumnyamazisha.

Juma lile lile alihamia kwa yule fundi cherehani, akawa analala kati ya mitumba ya vitambaa na kumpigia pasi suruali. Baadaye akapata meza yake, baadaye chumba chake, hiki ninachoketi kungoja mashati. Kanisa hakuhama. Nilimshauri ahame, makanisa ni mengi, hata mtaa huu unayo mengi kuliko maduka ya mkate.

"Nihamie wapi, Mzee? Nikihama itaonekana nilifanya."

Akawa anasali pale miaka yote, na Jumapili ya Meza ya Bwana wenzake wakiinuka yeye hubaki benchini, kwa kuwa asiyepata kipaimara hapokei. Huweka magoti upande ili watu wapite. Yule mchungaji alihamishwa, akaja kijana msomi, mtu mzuri. Makunjo akamwendea.

"Baba Mchungaji, nikitubia uongo, nitakuwa nimetubu au nimekosa?"

Kijana akasema swali ni zuri, atalipeleka kwa wazee. Wazee wakasema jambo hilo liliamuliwa zamani, mlango uko wazi, atubu tu. Akarudi kwake na jibu hilo, ameinamisha kichwa. Makunjo akamrudishia kanzu yake imepigwa pasi. Ndiyo, kazi ya kanisa siku hizi huifanya yeye. Shangazi mikono inamtetemeka, meza yake imeuzwa.

Wanasalimiana. Shangazi humwita mwanangu, na yeye huitikia. Akiumwa hupelekewa uji. Lakini lile neno la kukiri Shangazi hajawahi kulisema, kwa wazee wala kwa Makunjo mwenyewe wakiwa wawili tu.

Mwezi uliopita ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana, nami nilikuwepo, kwa sababu mvua ilinizuia kuondoka mjini. Shangazi miguu imemwishia. Watu walipoinuka, alisimama kwenye njia ya katikati, akatazama huku na huku, kisha akaja mpaka benchi la nyuma.

"Nishike, mwanangu," akasema. "Nifike mbele."

Makunjo akainuka, akamshika kwapani. Wakatembea njia yote ile, mmoja mrefu, mmoja amepinda, kanisa zima linaimba. Pale mbele akamsaidia kupiga magoti, naye akapiga magoti kando yake ili kumzuia asianguke. Mchungaji kijana akampa Shangazi mkate. Kisha akafika kwa Makunjo, akasimama na sahani yake. Nilimwona. Alisimama muda mrefu kuliko kwa wengine, na sahani haikusogea kwenda kwa mwingine. Makunjo akatikisa kichwa. Shangazi alikuwa anatafuna, amefumba macho.

Jioni nilikwenda kuchukua mashati yangu, maana mvua ilikuwa imekatika.

"Mchungaji alikuwa tayari kukupa," nikamwambia. "Wazee walikuwa wamempa mgongo, wanaimba. Kwa nini hukupokea?"

"Nilikuwa nimemshika Shangazi," akasema. "Nilikuwa namsikiliza. Nilijua pale akipiga magoti atasema. Sikutaka aseme nami nina kitu mdomoni."

"Na alisema?"

Akageuza shati, akaanza mkono wa pili.

"Wakati wa kurudi," akasema. "Aliniambia niende polepole, goti linamuuma."