Povu Chini ya Kioo

Mtunza maabara wa shule moja pale Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi alijifunga kiunoni mkeka wake, vazi la heshima la Watonga, kama aendaye kanisani, akapangusa lenzi za hadubini kwa karatasi laini, kisha akazipangusa tena. Alichungulia kwa jicho moja huku la pili likiwa wazi, na mwanafunzi aliyefumba jicho la pili alimgusa begani: "Fumbua, mwanangu, utachoka bure." Lakini Vaimoana, mmoja wa wanafunzi, alipenda zaidi kumtazama akifunika kitu cha kuchunguzwa. Kioo chembamba alikiegemeza kwenye sindano, akakilaza pole pole kuanzia upande mmoja, kama mama anavyomfunika mtoto aliyelala. Sindano ile hakumwazima mtu.

Siku ya kuchunguza ngozi ya kitunguu, Vaimoana alikiangusha kioo chake juu ya ngozi hiyo, pwa! Alichokiona kwenye hadubini akakichora: duara moja lenye ukingo mweusi. Sosaia, aliyekaa naye, akaangua kicheko. "Jamani, dada kachora povu la hewa! Ndiyo seli hiyo?" Vaimoana akashika kifutio, machozi yakimlengalenga. Mtunza maabara akamzuia mkono, akalivuta daftari la Sosaia, lenye seli maridadi na mitokondria kumi na moja ndani yake.

"Hizi umeziona wapi, bwana mdogo? Hadubini hii haizioni hata ukiibembeleza."

Sosaia akakifunika kwa kiwiko kitabu cha somo kilichokuwa wazi kando yake.

"Mwenzako kaona hewa, kachora hewa. Akiona seli, atachora seli."

Akamwekea Vaimoana sindano yake kiganjani.