Ngoma Hupashwa, Sabufa Haipashwi

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema ili mjue kwamba anayewaambia habari za wati na amplifaya hakuzisoma popote. Pikapu niliyonayo hapa Nachingwea niliinunua kwa korosho zangu. Muziki uliomo nimeufunga kwa mikono hii. Na sabufa ya kwanza niliiunguza mwenyewe, mchana kweupe, sikusaidiwa na mtu.

Niliiunguza kwa ujinga ambao mtu wa mjini hawezi kuwa nao. Kwetu ngoma inapashwa. Kabla ya kuipiga unawasha majani makavu, unaigeuzageuza motoni mpaka ngozi ikaze, unaigonga kwa kidole, ikilia unavyotaka unaingia nayo uwanjani. Ikipoa inalegea, unairudisha motoni. Nimekulia humo. Basi siku ile Nambilanje, kwenye sherehe ya kutoka wali, yaani wasichana waliomaliza kufundwa, nilipoweka mkono nyuma ya sabufa nikaikuta imepata moto, nilifurahi.

"Sasa imekaza," niliwaambia watu. "Subirini muisikie."

Nikazungusha kitufe cha amplifaya mpaka kikagota.

Ikakoroma mara tatu hivi, kama mzee aliyelalia mgongo. Halafu moshi. Halafu kimya. Mtani wangu mmoja, mpiga ngoma wa Narung'ombe, alikuwa pembeni ya uwanja na ngoma zake. Hakukawia.

"Jamani, leteni chumvi! Mtani anachoma korosho ndani ya gari!"

Uwanja mzima ukacheka. Yeye akaingia na ngoma zake, shughuli ikaendelea kama vile mimi sikuwahi kuwepo. Nilicheka nao, kwa sababu mtani hajibiwi kwa kununa.

Aliyenimaliza ni dada yangu mkubwa. Yeye ndiye nyakanga, mkuu wa wanawake wanaofunda wali, na akisema neno halirudi nyuma. Alinifuata kwenye pikapu, akanusa ule moshi, akafunika pua kwa kanga.

"Mwakani mjukuu wangu anatoka, kule Likunja. Wewe ndiye mjomba wa mama yake. Muziki ni wako kuleta. Lakini ukituletea jivu tena, mtani wako ndiye atakayepiga ngoma kutwa nzima, na wewe nitakuwekea kiti kwa wageni."

Kwa asiye wa kwetu hilo ni dogo. Sisi mjomba ndiye mwenye shughuli. Mjomba akikalishwa na wageni, ameambiwa mbele za watu kwamba hapo si kwao.

Niliichomoa ile sabufa nikaipeleka kwa fundi anayesuka mota za mashine za kusaga. Mtu anayesuka waya za mota maisha yake yote, nilijua koili, zile waya zilizosukwa ndani ya spika, hazimpigi chenga. Hakuigusa hata. Alinusa tu.

"Mzee, hii umeipika. Ulikuwa unaiendesha na amplifaya ndogo?"

"Ndogo? Imeandikwa wati elfu moja na mia tano!"

"Imeandikwa wapi?"

"Juu ya kifuniko."

"Kifuniko hakitoi umeme. Nionyeshe fyuzi."

Nikamwonyesha. Fyuzi moja, ya ampea ishirini na tano.

"Haya, mzee. Ishirini na tano mara volti kumi na mbili za betri?"

"Mia tatu." Hesabu ya kuzidisha sikuiacha darasa la tatu, nilitoka nayo.

"Karibu nusu inaishia kuwa joto. Inayofika kwenye spika mia na hamsini, ikijitahidi sana mia na sabini. Sasa tusome sabufa yako inataka nini."

Pembeni ya sabufa palikuwa na namba kubwa, elfu moja na mia mbili, na chini yake namba ndogo, mia tatu, pamoja na herufi RMS. Mimi siku zote nilidhani RMS ni jina la mwenye kiwanda. Kumbe ile ndogo ndiyo kazi inayoiweza spika kutwa nzima bila kuumia. Ile kubwa ni nguvu ya kushtuka, kama ya mtu anayekimbizwa na nyuki. Anaruka mtaro, ndiyo, lakini huwezi kumwajiri kwa mbio zile.

Bado nilibisha. Amplifaya ndogo inawezaje kuua spika kubwa? Ingekuwa kubwa imeua ndogo, ningeelewa.

"Kwa sababu uliikamua," alisema. "Ukiikamua kupita uwezo wake, sauti inakatwa kichwa. Umeme unazidi kwenda kwenye koili, lakini haugeuki muziki. Unageuka moto."

Hapo nikamwambia aisuke. Fundi akaniongezea chai.

Aliisuka koili upya. Mimi nikatafuta amplifaya nyingine, na safari hii muuza duka alipoanza kunisomea kifuniko nilimwambia aache kunichosha, ageuze nione fyuzi. Mbili, za thelathini kila moja. Sitini mara kumi na mbili, mia saba na ishirini. Toa nusu, mia tatu na sitini. Sabufa yangu inataka mia tatu. Juu kidogo tu, ili isikamuliwe. Tukalinganisha na omu, kipimo cha spika kuuzuia umeme, nne kwenye sabufa na nne kwenye amplifaya. Nikanunua na waya mnene, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa mwembamba kama wa kufungia mzigo wa baiskeli.

Nyumbani nikapiga singeli, nikapandisha kitufe polepole. Besi ilipoanza kukwaruza nikakirudisha mpaka ikawa safi, nikaomba rangi ya kucha ya mke wangu nikapaka alama hapo.

"Na wewe sasa unapaka kucha?" aliniuliza.

"Amplifaya yangu ndiyo inapaka."

Likunja tulifika asubuhi. Mtani alikuwepo na ngoma zake, kwa sababu dada hakuniamini hata kidogo. Kiti cha wageni nacho nilikiona, kimewekwa peke yake, kimefutwa vumbi.

"Mtani, kuni nimeleta zangu," alisema yule bwana, "au tutumie gari lako?"

Niliwasha muziki. Wali walitoka na vitenge vyao vipya, vigelegele vikapanda, na besi ikawa inatembea ardhini mpaka vikombe vya chai vinatetemeka mezani. Ikapita saa moja. Zikapita saa mbili. Mtani alirudisha ngoma zake motoni mara nne. Mimi nilikaa juu ya tairi la akiba, jasho linanitoka kuliko siku ya mavuno.

Jua lilipokuwa utosini dada akaja. Watu wakamfuata kwa macho. Aliingiza mkono nyuma ya sabufa na kuigusa kwa mgongo wa kiganja, kama anavyopima paji la mtoto.

"Haina homa," alisema.

"Haina."

"Basi ongeza."

Maisha yangu yote sijawahi kumkatalia dada yangu. Niliangalia ile alama ya rangi ya kucha.

"Hapana, dada. Hapo ndipo mwisho wake."

Alinitazama. Nikajua naelekea kwenye kile kiti. Kisha akageuka, akamwita mtani kwa sauti iliyozidi muziki wangu:

"Wewe! Zimekaza hizo? Njoo nazo huku kwa mjomba, umwongezee hapo alipoishia!"

Mtani akaja mbio na ngoma zake za moto, akajipanga ubavuni mwa pikapu, tukapiga pamoja mpaka alasiri. Kile kiti cha wageni akakikalia mtani.