Supang na Kikapu cha Chumvi

Katika milima yote ya Krayan hakuna aliyejua kuchemsha chumvi ya kisimani kama Supang, na wa kwanza kukwambia hivyo alikuwa yeye mwenyewe.

Mjukuu wake wa kwanza alipoandaliwa karamu kule Long Tuyo, kijijini kwa wakwe, Supang alipata haki ya kuacha jina la zamani na kuchukua jina la ubibi. Alikwisha kulichagua: Ruran Raya. Lakini jina hilo hutangazwa mwenyewe akiwa amesimama pale, nyati wa kufugwa anapochinjwa. Asipokuwepo, hana jina.

Kwenye uwanja wa ndege walimpima kwenye mzani, yeye na mizigo yake. Rubani alikuwa Lasong, mtoto wa mdogo wake.

"Mama mkubwa, kikapu cha chumvi kibaki. Uzito umezidi kilo kumi na nne."

"Niende kwa wakwe mikono mitupu? Shusha vyako!"

"Changu ni mafuta tu."

"Si ndiyo hayo! Long Tuyo ni hapo tu, hata wali haujaiva tumefika."

Lasong, aliyelelewa mgongoni mwake, hakuwa na ubavu wa kubishana. Akanyonya mafuta dumu zima kutoka kwenye tangi, akapakia chumvi.

Walikuta ukungu umeuatamia uwanja wa Long Tuyo. Wakazunguka, wakazunguka tena. Mzunguko wa tano injini ikakohoa, kisha kimya.

"Mbona umezima?"

"Sijazima, mama mkubwa. Mafuta yamekwisha. Jishike!"

Lasong aliona mwanya ukunguni, akaiteremsha ndege kwenye majaruba ya mpunga. Gurudumu likang'oka, pua ikazama topeni, kikapu kikapasukia majini.

"Chumvi yangu!"

"Na roho yako je?"

"Roho ninayo. Karamu iko wapi?"

Mwenye shamba, mdomo wazi, akaonyesha kilima. "Kule nyuma. Ila nyati wameshamfunga."

Supang, miaka sitini na mitatu, alikipanda kilima kile peku, mbio, tope hadi kwenye nyusi. Kisu kilikuwa kimeshainuliwa.

"Ngojeni! Nipo!"

"Uuu!" akacheka Litad, bibi wa mtoto kwa upande wa baba. "Huyu aitwe Bibi Tope!"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Supang akawangoja wamalize, akanyoosha shingo.

"Ruran Raya," alisema.

Mzee wa karamu akalitangaza mara tatu.

Lasong alifika baadaye akichechemea. "Mama mkubwa Supang, ndege yangu..."

"Supang simjui," akajibu bibi, akimsogezea sahani. "Kula kwanza. Halafu utanieleza ni rubani gani anayeruka bila mafuta."