Kifuko Cheupe Kutoka Muyinga

Kazi yangu ni kupokea vipande vya watu. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka kutafuta maneno mazuri. Daktari wa upasuaji akimtoa mtu uvimbe, kipande kile huletwa kwetu Gitega, kwenye maabara ndogo yenye dirisha linalotazama jiko la wagonjwa. Mimi nakipima, nakikata, nakipitisha kwenye dawa na nta hadi kiwe utando mwembamba juu ya kioo. Kisha daktari wetu wa hadubini, ambaye hutoka Bujumbura kila wiki kama mafuta ya gari yamepatikana, anakiangalia na kusema ni saratani au si saratani.

Kati ya kisu na hadubini kuna fomoli. Ni ile dawa ya maji inayochoma pua na kutoa machozi. Watu wengi wanaijua kwa habari za maiti. Kwetu kazi yake ni kuifanya nyama ibaki vile ilivyokuwa ilipokatwa. Nyama ikishatoka mwilini huanza kuharibika hapo hapo, haisubiri gari. Kwa hiyo inatakiwa izamishwe mara moja, kwenye chombo chenye mdomo mpana, dawa iwe nyingi kuliko nyama mara kumi au zaidi, na uvimbe mkubwa upasuliwe katikati ili dawa ifike ndani. Basi. Hakuna mashine hapo, hakuna umeme, hakuna mtaalamu wa kutoka ng'ambo.

Na jambo jepesi hivyo ndilo limeniotesha mvi. Nimeletewa vipande ndani ya glavu iliyopigwa fundo. Nimeletewa kingine kwenye kopo la majani ya chai, kikavu, kimegandamana na kopo. Nimeletewa kwenye spiriti, na kwenye maji ya dripu. Halafu kulikuwa na daktari mmoja wa Muyinga, kijana, mwenye mikono mizuri kwelikweli ya kukata, ambaye alikuwa akisukuma uvimbe ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Uvimbe mbichi ni laini, unapita kwenye shingo ya chupa bila taabu. Ukishakaa kwenye dawa unakuwa mgumu, na hapo hautoki hata uuite kwa jina. Nilikuwa nakata chupa zake kwa mkasi, fomoli ikinimwagikia, nikimsema kwa Kirundi, kwa Kiswahili cha kambi ya wakimbizi ya Kigoma nilikokulia, na kwa Kifaransa changu cha kuokoteza. Nikimaliza kumsema peke yangu nampigia simu namsema tena. Ilifika mahali anapokea kwa kusema, "Najua, dada. Mdomo mpana."

Siku moja akapiga yeye. Alikuwa amemtoa uvimbe kwenye titi mama mmoja kijana, mwenye watoto wadogo, mke wa fundi cherehani wa mjini Muyinga. "Nimeweka kwenye ndoo," akasema, "ile ndogo ya mafuta ya kupikia, yenye kifuniko. Dawa imejaa. Nimepasua katikati. Alors, leo utanipongeza?"

Nilimpongeza. Kisha sauti yake ikabadilika. Uvimbe ule hakuupenda. Ulikuwa mgumu na umeshikamana vibaya na nyama ya pembeni. Ukiwa ni saratani, inabidi titi lote liondolewe na yule mama aanze dawa kali Bujumbura bila kuchelewa. Usipokuwa saratani, kidonda kipone, arudi kwa watoto wake. Hakuwa tayari kumkata mwanamke titi kwa kubahatisha, na sikumlaumu. Wote tukawa tunasubiri ndoo.

Ndoo ilikuwa inakuja na mume. Kwetu ndivyo ilivyo: hospitali haina gari la kubeba vipande, jamaa wa mgonjwa ndiye anayebeba. Anapewa chombo mkononi, anaambiwa nenda Gitega, uliza maabara. Wakati ule mafuta yalikuwa hayapatikani. Yule bwana alipata nafasi kwenye lori la mizigo lililokuwa limetoka mpakani Kobero, likamfikisha Karuzi, katikati ya njia, likasimama. Safari ya asubuhi moja ikamalizika kesho yake.

Alifika akiwa nadhifu, kofia yake ya darizi imekaa sawa, ndoo kaikumbatia. Niliipokea nikaona ni nyepesi. Nikafungua kifuniko, ndani hakukuwa na tone. Kulikuwa na kifuko cha kitambaa cheupe, kimeshonwa kwa mkono, nyuzi ndogo ndogo zilizonyooka. Kilinukia karafuu maiti. Chini ya karafuu maiti kulikuwa na harufu nyingine, ambayo mimi siwezi kuikosea.

"Dawa iko wapi?" nikamuuliza.

"Nilimwaga, mama." Hakuficha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya kazi nzuri. "Mi nimesafisha vizuri kabisa. Ile maji ilikuwa sumu, inachoma mpaka macho. Na iko mwili ya bibi yangu. Haiwezi kusafiri vile."

Bibi, kwa Kiswahili cha kwao, ni mke.

Akanieleza bila haraka, kwa sababu bado hakujua alichoharibu. Kwao ni Waislamu wa mjini, watu wa biashara na ufundi, na shangazi yake ndiye anayeosha maiti za wanawake pale mtaani. Shangazi alisema kiungo cha mtu kikitoka mwilini kinaoshwa, kinavikwa, kinapelekwa ardhini kwa heshima. Dokta aliwakatalia kuzika. Alisema lazima kwanza kiende Gitega. Wakakubaliana nyumbani: sawa, kiende, lakini kiende safi. Shangazi akakiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Yeye akashona kifuko.

"Ningeshona na mashine," akasema, "mais non, mashine iko ya kazi. Hii nilishona na mkono."

"Dokta hakukwambia usifungue?"

"Alisema nisifungue. Hakusema juu ya nini nisifungue."

Hapo nikafoka. Nilifoka kwenye korido, mbele ya watu waliokuwa wamekaa wakisubiri kupima damu. Nilimwambia ameosha majibu ya mke wake. Yule bwana akatazama kifuko mkononi mwangu, akatazama ndoo.

"Majibu ilikuwa ndani ya ile maji?"

"Yalikuwa ndani ya nyama. Maji ndiyo yalikuwa yanayashika yasiondoke."

Alivua kofia akaikunja, akakaa kwenye benchi na wale wa damu, na mmoja wao akasogea kumpa nafasi. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa natafuta mtu wa kumkasirikia na simpati. Daktari wa Muyinga, kwa mara ya kwanza, alikuwa amefanya kila kitu sawa. Shangazi alifanya anachokijua, na anakijua vizuri. Mume alikesha akishona. Mwisho wa yote hayo nimeshika nyama iliyooza, imenukizwa.

Tulijaribu. Nilikata kandokando ya ule mpasuo wa daktari, mahali ambapo labda fomoli ya mwanzo ilikuwa imewahi kufika, nikazamisha upya. Daktari wa hadubini alipokuja alikaa na kile kioo muda mrefu, akisogeza, akirudisha. "Hapa palikuwa na seli," akasema. "Sasa ni uji." Akaandika kuwa haisomeki.

Nikampigia kijana wangu wa Muyinga nikamwambia akate tena.

"Nikate nini, dada? Nilitoa yote. Iko nini tena pale?"

Kweli, hapakuwa na kitu. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, yule mama ameanza kuchota maji. Ikabaki kumwita kliniki na kumpapasa kwa vidole, na vidole havioni ndani ya seli.

Jumapili ile nilikwenda Bugendana kumsaidia mama yangu kupalilia maharagwe. Nikamsimulia, nikitegemea atanionea huruma. Mama ni Mkristo wa kwaya na sala ya alfajiri, karafuu maiti haimhusu. Alisikiliza huku jembe linaendelea.

"Mkimaliza navyo hivyo vipande," akauliza, "huwa mnavipeleka wapi?"

"Vinachomwa."

"Na watu wanajua?"

"Nani atawaambia?"

"Haya," akasema, akasogea kwenye mstari mwingine. Nilichukia ile haya yake hadi jioni, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu wa upande wangu.

Lakini Jumatatu nilipiga simu Muyinga, na safari hii sikuongea habari za mdomo wa chombo. Nilimwambia daktari: mtu unayempa ndoo, mweleze ile dawa inafanya nini. Mwambie ikimwagwa majibu yanapotea. Mwambie kwa Kirundi au kwa Kiswahili, atakacho yeye, na umngoje aulize. Akalalamika kwamba foleni ya wagonjwa inafika getini. Nikamwambia foleni yangu mimi inanuka.

Maharagwe yalikuwa yameshavunwa alipopiga tena. Niliona jina lake kwenye simu, nikapokea. Yule mke wa fundi alikuwa amepata tezi kwapani, upande ule ule. Daktari ameshaitoa. Mume yuko njiani.

Alifika mchana, macho mekundu kama aliyekuwa akimenya vitunguu. Ndoo ilikuwa ile ile, kifuniko kimezungushiwa utepe wa plastiki. Watu wa kwenye gari walikuwa wamemsema njia nzima kwa ile harufu ya dawa. Dereva alimhamisha nyuma na mizigo, na alipotaka kumshusha Karuzi yule bwana alikataa kushuka.

"Sikufungua, mama," akasema. "Dokta alinielezea yote. Sikufungua hata kidogo."

Nikafungua mimi. Dawa ilikuwa imejaa, safi. Tezi ilikuwa imepasuliwa katikati, imekuwa ngumu sawasawa, rangi ya kijivu mwanzo hadi mwisho. Tangu nianze kazi hii nilikuwa naomba kutoka Muyinga kipande cha namna hiyo. Kilikatika vizuri chini ya kisu, kikashika nta vizuri, kikashika rangi vizuri. Yule bwana alisubiri Gitega hadi daktari wa hadubini alipokuja, na daktari hakuhitaji hata kukaa. Aliinama, akainuka.

"Hii inasomeka," akasema.

Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshatoka kwenye titi. Kile kipande cha kwanza kingetuambia wakati bado iko mahali pamoja. Nilisimama pale na kioo changu kizuri mkononi, nikatamani kukipiga ukutani. Hasira niliyokuwa nayo kwa zile chupa zote za nyuma haikufika nusu ya hii.

Daktari alimwita yule bwana chumbani akamweleza mwenyewe: titi litaondolewa, kisha Bujumbura kwa dawa, na asichelewe hata kwa sababu ya mafuta. Sikuingia. Nilimsikia akiuliza maswali, machache, kwa sauti ya chini. Alipotoka nilidhani ataelekea getini. Akaja kwenye dirisha langu.

"Mama, mumemaliza nayo?"

Nilijua anauliza nini. Kilichobaki kwenye ndoo hukaa kwenye rafu yetu kwa muda, halafu tanuri. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kumwambia hivyo. Yeye akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa kifuko cheupe, kidogo kuliko cha kwanza, nyuzi zile zile zilizonyooka. Pande tatu zilikuwa zimeshonwa na mdomo uko wazi. Alikuwa amekishona kabla hajajua majibu.

Daktari wa hadubini alikuwa mlangoni anavaa koti la safari. Alikitazama kile kifuko. "Cha kwenye nta tunacho, vioo tunavyo," akaniambia. "Kilichobaki mpe."

Bomba lilikuwa halitoi maji siku hiyo. Nikatoka na bidoni ya maji nyuma ya maabara, karibu na jiko la wagonjwa, yeye akanifuata na ndoo. Nilimwaga fomoli kwenye chombo cha dawa iliyotumika, nikampa glavu, akazikataa.

"Sasa inaruhusiwa kuosha?" akauliza.

"Sasa inaruhusiwa."

Akaishika ile tezi kwenye viganja vyote viwili, nami nikainamisha bidoni polepole, nikamimina, nikamimina tena, hadi ile harufu ikapungua na maji yakaisha.