Koleo Lililokata Waya wa Mbuzi

Mguu wangu wa kushoto waliuua watu wawili: mtunza stoo wa hospitali na daktari wake. Majina siandiki, ila Mwanga nzima inawajua.

Nilikuwa mkata mkonge kule tambarare ya Same. Nikaanguka kutoka juu ya trela lililojaa, pingili ya mgongo ikabonyea, miguu ikaanza kufa ganzi. Nikaletwa hospitali ya Mwanga, daktari akasema mfupa unabana mishipa ya fahamu. Ukitolewa mapema nitatembea. Akamwonyesha mama chombo chenyewe: koleo refu, mdomo mdogo, linamega mfupa kidogo kidogo kama panya anavyokula hindi. Mama akashukuru.

Enzi zile za uhaba hata msumari dukani hupati. Dawa ya usingizi nayo ilikuwa imekwisha, nikachomwa ganzi ya palepale mgongoni. Nimelala kifudifudi, masikio mazima.

"Mbona hili haling'ati?" daktari akauliza.

"Limevunjika meno, dokta," muuguzi akasema. "Bwana stoo alilibeba nyumbani, akakatia waya wa banda la mbuzi. Hakuwa na koleo lingine."

Daktari akacheka. Akacheka, na mgongo wangu uko wazi! "Na mbuzi wamelala salama?"

"Dokta, tumshone, apelekwe Moshi."

"Kwa gari gani, sista? Shika hapo. Navuta."

Mfupa haukukatwa, ulinyofolewa. Niliusikia ukilia kama bua la muhindi likivunjwa. Mguu wa kushoto ukapiga meza teke moja, kama kuku aliyechinjwa, ukatulia. Haujapiga teke tena. Wa kulia ulibaki, ndio unaonifikisha kazini kwa magongo.

Daktari alishakufa. Mazishini nilikwenda, kuhakikisha.

Mtunza stoo yupo. Biashara ilipofunguliwa aliacha kazi, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Makoleo yananing'inia mlangoni kwake mafungu kwa mafungu, kama ndizi. Mimi nashona viatu hapo mbele, kivulini mwa bati lake. Juzi akatoka, kitambi mbele.

"Ndugu yangu, hamia stendi. Unanifukuzia wateja."

"Nitahama, kaka. Kwa mguu upi?"

Akarudi ndani.

Kila anayetoka na koleo namwita, namwonyesha mguu, namsimulia habari za mbuzi. Wengine wanageuka hapohapo kulirudisha.