Sabuni ya Waokoaji wa Kamatanda

Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipokolea, tulimpoteza baba. Nilikuwa na miaka tisa. Kinachonijia kwanza si kilio bali harufu: udongo mbichi wa shimo, jasho lililokauka, na lutuku, ile pombe kali ya mahindi, vyote katika shati moja lililoingia nyumbani bila kuvuliwa.

Baba alikuwa mchimbaji katika machimbo ya Kamatanda, na shimo lilipoporomoka yeye ndiye aliyeitwa kuwatoa waliofukiwa, wazima au wafu. Msimu ule aliitwa karibu kila wiki. Mama alimwekea beseni la maji ya moto nje ya mlango, akamfunikia bukari, ugali wetu, akamtandikia kitanda. Wenzake walimfuata hadi uani na chupa yao, maana kwao mwokoaji hanawi mbele ya watu, wasije wakasema anawaonea kinyaa marehemu. Anakunywa tu. Nilimwona akimega bukari kwa vidole vyenye tope lile lililofunika maiti, nikaenda kutapika nyuma ya choo.

"Papa, lala kidogo," mama alimsihi. "Weye uko muchovu sana."

"Mama Kapya, umuache," mmoja wao alisema. "Mwanaume atalala mu kaburi. Kunywa, ndugu. Hii ndiyo sabuni yetu."

Wakacheka wote, na baba pia. Kicheko kile kinanichefua kuliko harufu. Asubuhi wakamwita tena. Alikuwa hajalala, lutuku bado iko kichwani, na kamba ya kiunoni aliifunga mwenyewe. Fundo lilifunguka akiwa katikati ya shimo. Matangani walimsifu kwamba hakuwahi kuchoka, huku chupa ikizunguka.

Mdogo wangu wa kiume, Kapya, sasa ni mwokoaji wa ambulansi hapa Likasi. Akitoka zamu anavua viatu nje, anaoga, anakula, kisha ananisimulia alichokiona mpaka kifua kimlegee. Majirani humkejeli kwa kumwita mademoiselle, yaani msichana.

"Sawa, minye mademoiselle," hujibu, "lakini niko nalala."

Juzi, alipotoka zamu ya usiku, wanaume wawili walikuja kumtaka ashuke nao kwenye shimo lililoporomoka. Aliwaita kwa simu wenzake wa zamu mpya, akasubiri wajibu kwamba wameondoka, akarudi kitandani. Mmoja wa wale wawili alitema mate kizingitini petu. Niliyafuta, nikafunga mlango.