Kituo cha Salamu Maria

Fundi wa kengele ya kanisa letu la Matiri hagusi kengele. Huketi sakristiani, ushungi kichwani, kompyuta mapajani, akiandika maagizo ya kichakataji kidogo, ubongo wa mashine itakayopiga kengele badala ya marehemu baba yangu, aliyeipiga miaka yote. Huanza vilevile kila mara: anakizima kipima muda, anakirudisha sifuri, anakipa mwendo, ndipo anakiruhusu kukiita kichakataji kengele ipigwe. "Ukikiruhusu kabla hujakisafisha hesabu ya zamani, dada, kitaita ovyo," huniambia, vidole vyake vyembamba vikingoja juu ya vitufe.

Nilimweleza hofu yangu. Baba alikuwa akipiga mara tatu, ananyamaza kwa Salamu Maria moja nzima, ndipo anaendelea. Niliogopa kimya kile nacho kisije kikazikwa pamoja naye. "Alisali haraka?" akauliza. "Haraka wapi! Paroko alimtania, 'Mzee, ukisali wewe ugali unapoa.'" Fundi akacheka, kisha akainamisha kichwa. "Mimi Mwislamu, siijui. Isali kama yeye." Nikaisali, nikivuta "umejaa neema" kama baba, naye akipima muda. Jioni ile mashine ikapiga mara tatu, ikanyamaza. Nikasali kimoyomoyo. Nilipofika "Amina," kengele ikaendelea.